Karamu Iliyosomeka Haramu: Kuzitibu Fonti za Hati ya Mkono Zinapogoma

Mama wa bwana harusi alichomoa kadi moja kwenye bunda, akainyoshea mkono mbali kama asomaye bila miwani, akasoma kwa sauti: "Haramu ya harusi." Kisha akaniangalia.

Kadi 150, karatasi nzito rangi ya maziwa, wino wa dhahabu. Mimi nilikuwa nimeandika "Karamu". Ila K ya fonti ile ilikuwa ya madaha: mguu wake ulipanda ukajikunja hadi ukagusa mkono wa juu, na kwa mtu asiyejua kilichokusudiwa, ile ilikuwa H bila ubishi.

Nilizichapa upya kwa pesa zangu. Tangu hapo mtu akiingia dukani na simu mkononi akaniambia "hii fonti imeharibika", sikimbilii kuibadilisha. Namuuliza kwanza anaona nini. Fonti hizi za hati ya mkono, hasa zile za kuchezacheza ambazo herufi zinarukaruka juu ya mstari na mikia inapanda kama moshi wa udi, ni nadra kuharibika zenyewe. Huharibiwa na mambo machache, na kila moja lina alama yake.

Lijue moja kabla hatujaanza. Fonti ya kawaida ni herufi zilizosimama kila moja kivyake, kama watu kwenye foleni ya feri Likoni, hapa Mombasa. Za hati ya mkono zimeshikana mikono. Mchoraji amehakikisha mkia wa a unaishia pale pale inapoanzia n, kwa kimo kile kile na unene ule ule. Ukizisogeza kwa unywele mmoja, mikono inaachana. Roger Excoffon, Mfaransa mzaliwa wa Marseille, aliuweza mchezo huu enzi za herufi za kuchapia za madini ya risasi, alipotoa Mistral mwaka 1953 kutokana na mwandiko wake mwenyewe. Mistral ni jina la upepo wa kusini mwa Ufaransa, kama sisi tulivyo na kaskazi na kusi. Fonti hiyo imekuwa ikija pamoja na Microsoft Office, kwa hiyo huenda unayo na hujui.

"Herufi zimeachana"

Hii ndiyo inayoniletea watu wengi zaidi. Neno "Karibuni" lina nyufa ndogo ndogo, kama lipu iliyokauka vibaya.

Tazama kwanza nafasi kati ya herufi. Aghalabu mtu ameona jina ni fupi na bango ni refu, akaivuta nafasi ili neno lijae. Kwa herufi kubwa zilizosimama, hilo ni pambo. Kwa hati ya mkono, umekata mikono. Irudishe nafasi kwenye sifuri, kisha ukuze fonti yenyewe. Kwenye Illustrator na Photoshop kuna mtego wa pili: chaguo la kerning, yaani nafasi kati ya herufi na jirani yake, likiwa "Optical", programu hujipimia nafasi yenyewe na kuvipuuza vipimo vya mchoraji. Weka "Metrics", na mara nyingi nyufa hufunga hapo hapo ukitazama.

Kama nafasi ni sifuri na nyufa bado zipo, angalia zimekaa wapi. Zikiwa baada ya o, b, v na w peke yake, ugonjwa ni mwingine. Herufi hizo nne humalizikia juu, na herufi inayofuata hulazimika kubadili umbo ili iupokee mkono uliotoka juu. Aliyepita chuoni kusoma herufi za Kiarabu haelezwi hili mara mbili: be ya mwanzo si be ya kati, wala ya kati si ya mwisho, na zote ni be. Fonti nzuri ya hati ya mkono ina r ya kufuata a na r nyingine ya kufuata o. Kazi ya kuchagua ipi itumike hufanywa na maagizo yaliyofichwa ndani ya faili ya OpenType, muundo ambao Microsoft na Adobe waliutangaza mwaka 1996. Programu isiyoyasoma maagizo hayo hukupa r moja tu kila mahali, na nyufa zinaanzia hapo.

Kiswahili nacho hakiendi hatua mbili bila w: mwana, kwao, bwana, wapendwa. Ndiyo sababu fonti iliyoonekana safi kwenye picha ya matangazo, ikiwa na maneno ya Kiingereza yaliyochaguliwa kwa uangalifu, inaweza kuaibika mbele ya "Bwana na Bi".

Word inayajua maagizo haya tangu toleo la 2010, ila huja ikiwa imeyazima. Chagua maandishi, bonyeza Ctrl+D, ingia "Advanced", kwenye "Ligatures" chagua "Standard Only", kisha utie alama kwenye "Use Contextual Alternates". CorelDRAW ilianza kuyasoma kwenye toleo la X6, na wapo mafundi ambao hawaiachi Corel yao ya zamani ng'o. Siwalaumu, mashine yao ya kukatia stika imezoeana nayo. Wao watafute fonti ambayo herufi zake zinaungana bila msaada, au waliandike neno kwenye programu nyingine na kulileta kama mchoro.

Sababu ya tatu ni maandishi ya kupinda. Akina mama wanaouza mabuyu na achari kwenye makopo hupenda jina lizunguke mfuniko, na wana haki, linapendeza. Lakini ukiliandika jina moja kwa moja juu ya duara, kila herufi inainamishwa peke yake. Upande wa nje wa duara vichwa vinatawanyika, upande wa ndani vinakanyagana. Liandike jina likiwa limenyooka, ligeuze kuwa mistari (yaani liwe mchoro, si maandishi tena), liunganishe kuwa kipande kimoja, ndipo ulipinde lote pamoja kwa "Envelope" au "Warp". Litanyumbuka kama mkeka badala ya kuvunjika kama ubao.

"Kwenye stika kuna mashimo, na plota inakata ndani ya herufi"

Kushikana mikono maana yake herufi zinapandiana kidogo. Kwenye kioo cha kompyuta huoni, rangi ni moja. Plota, ile mashine ya kukatia stika, haioni rangi, inaona mistari. Pale a ilipoipandia n, pana mistari miwili inayopishana, na kisu kinaifuata yote miwili. Ukiibandua stika, vipande vidogo kama vya kucha vinabaki kwenye karatasi. Na ukigeuza maandishi kuwa mistari, sehemu zilizopandiana wakati mwingine hutoboka zikawa nyeupe.

Dawa ni kuzichomelea herufi ziwe umbo moja kabla ya kupeleka kukata. CorelDRAW wanaiita "Weld". Kwenye Illustrator geuza kwa Ctrl+Shift+O kisha bonyeza "Unite" ya Pathfinder. Inkscape, ambayo ni ya bure, ina "Object to Path", halafu utawanye kundi, halafu "Union". Ukimaliza, tazama faili kwa mistari mitupu bila rangi. Ukiona hata msalaba mmoja ndani ya neno, hujamaliza.

Weka nakala ya faili ambayo bado ni maandishi. Neno lililochomelewa halihaririki, na mteja atakuja kukwambia jina la binti linaandikwa kwa "th".

"Mkia umekatwa"

Y ya mwisho imekatwa chini kana kwamba imepitiwa na msumeno. Kwenye Word angalia nafasi ya mistari: ikiwa "Exactly", Word inakata kila kinachozidi kipimo ulichoandika. Weka "Single" au "Multiple". Ukikatwa mkia wa kulia, ongeza nafasi tupu moja au mbili mwisho wa neno, ama upanue kisanduku cha maandishi. Basi.

"Inaniletea vijisanduku", au "alama moja imetoka ngeni"

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo Kiswahili kinapoumizwa zaidi.

Anza na ng'. Alama ile juu ya g ina sura zaidi ya moja: ipo iliyonyooka, na ipo iliyojikunja. Simu moja inatuma hii, simu nyingine inatuma ile, na Word ikikuona unaandika iliyonyooka inaigeuza yenyewe kuwa iliyojikunja. Fonti nyingi za kuchezacheza zina moja tu kati ya hizo. Usipokuwa na bahati, kompyuta inaazima alama kutoka fonti jirani, na "ng'ambo" inatoka na kijiti kikavu katikati ya mwandiko laini, kama mwiba kwenye halua. Futa alama hiyo, jaribu nyingine. Zikikosekana zote mbili, chukua koma ya fonti hiyo hiyo, ipandishe juu kwa mkono. Hakuna atakayejua.

Kuna na bei. Sisi huandika 1,500/= na watu wanaelewa. Wachoraji wa fonti za madaha aghalabu hawana habari na /= yetu, na mkwaju na alama ya sawasawa ni miongoni mwa vitu wanavyoviacha. Alama ya kujumlisha ya +254 vilevile. Fonti za majaribio, zile za kupakua bure kabla ya kununua, wakati mwingine hazina tarakimu hata moja. Basi ukiona kijisanduku pahali pa tarakimu, soma faili ya maelezo iliyokuja nayo kabla hujatafuta dawa. Ikisema ni kwa matumizi binafsi tu, hiyo si ya kazi ya mteja, hata ukizichora tarakimu mwenyewe. Kama pesa ya kununua haipo, zipo za bure zenye leseni huria zinazoruhusu kazi ya biashara. Pacifico ya Vernon Adams ni mojawapo, na Lobster ya Pablo Impallari ya mwaka 2010 ni nyingine. Pacifico ilichorwa kwa kuwaza Wamarekani wa miaka ya 1950 walioteleza juu ya mawimbi, na labda ndiyo sababu haioni ugeni pwani.

Kijisanduku cha aina nyingine hutokea mtu akizinakili herufi zenye mikia ya mapambo kutoka dirisha la "Character Map". Mikia hiyo mara nyingi huwekwa kwenye eneo la Unicode (orodha inayoipa kila herufi nambari yake) lililoachwa kwa matumizi ya faragha, kuanzia E000 hadi F8FF, nafasi 6,400 ambazo kila fonti inajigawia itakavyo. Kwenye fonti yako E003 ni mkia wa maua, kwenye fonti nyingine ni kitu tofauti au si kitu. Kwa hiyo maneno yenye mikia hiyo usiyatume kwa WhatsApp kama maandishi. Tuma picha.

Na tukiwa hapo hapo, kadi nyingi za harusi za mji huu huanza kwa Bismillahi ya herufi za Kiarabu. Ukiibandika kwenye programu isiyojua kuandika kutoka kulia, herufi hutawanyika na kurudi kinyume. Ni ugonjwa ule ule wa kuachana mikono, ila huu unakera zaidi. Iandike kwenye Word, ihifadhi kama PDF, ndipo uilete kwenye kazi yako. Halafu mwonyeshe mtu anayesoma. Usijiamini.

"Kwangu nzuri, kwa mchapishaji imegeuka"

Kompyuta yake haina fonti hiyo, ikaweka yake. Geuza maandishi kuwa mistari (Ctrl+Q kwenye Corel) au tuma PDF iliyobeba fonti ndani. Ukituma faili ya Word na kuomba dua, utapata majibu ya dua.

"Nimeiweka, haionekani"

Je, umeifungua zipu, au umeitazama tu ikiwa ndani yake? Kama umeifungua, kuna la pili: Windows 10 za karibuni, na 11, humwekea fonti mtumiaji mmoja tu usipoiambia vinginevyo, na programu za zamani haziiangalii sehemu hiyo. Bofya faili kwa kitufe cha kulia, chagua iwekwe kwa watumiaji wote. Funga programu, fungua tena.

"Watu hawasomi"

Sasa turudi kwa mama wa bwana harusi. Fonti yangu haikuwa na kasoro yoyote ya kiufundi. Ilikuwa imeshikana vizuri, mikia kamili, wino haukumwagika. Kosa lilikuwa kulisoma neno nikiwa tayari nalijua.

Fonti hizi zina jozi za herufi zinazofanana, na kila moja ina zake. K na H ndizo zilizoniumbua. Nyingine ni z yenye mkia inayosomeka y, hata "mzee" anakuwa "myee", na a iliyofungwa vibaya inayofanana na o. Kwenye tarakimu, 1 na 7 ni ndugu wa damu. Kwa hiyo nambari ya simu, tarehe na nambari ya till ya M-Pesa sikubali ziandikwe kwa hati ya mkono, hata mteja akisisitiza. Jina la duka liwe na mbwembwe zote. Nambari ya kulipia iwe na herufi kavu zilizosimama wima.

Kuna na vijiti. Kwenye mwandiko wa kuunganika, m ni vijiti vitatu, n viwili, u viwili. Hesabu "mnunuzi": vijiti 11 mfululizo kabla hujafika z, na jicho halina pa kupumzikia. Ukiona neno lako limekuwa ua wa makuti, chagua fonti ambayo u iko wazi kabisa juu na n ina upinde wa kuonekana, au ubadilishe neno. "Mteja" inasomeka mara kumi zaidi ya "mnunuzi", na gharama yake ni ile ile. Urefu nao ni mzigo. "Tunawakaribisha" ni herufi 15 bila pumzi. Mimi huiandika kwa herufi za kawaida, nikaziachia hati ya mkono yale majina mawili tu.

Halafu wapo wanaotuma ujumbe wote kwa herufi kubwa, mtu ananakili anabandika, na kadi inatoka HARUSI YA FULANI kwa herufi kubwa za mapambo. Herufi kubwa za fonti hizi zimechorwa zitangulie peke yake, kama bi harusi. Ukipanga sita kwa safu, kila moja na mikia yake, hakuna anayemwona yeyote. Ziandike upya kwa herufi ndogo.

Kwa bango au kioo cha nyuma cha tuktuk, kanuni ya mafundi ni herufi ya sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Kanuni hiyo ilipimwa kwa herufi za kawaida. Kwa hati ya mkono pima kimo cha a, si cha K, maana kwenye fonti za madaha herufi ndogo mara nyingi hazifiki nusu ya kubwa. Tembea Mtaa wa Biashara uzitazame leso zilizotundikwa: jina la leso limekaa kwenye kisanduku chake kwa herufi kubwa zilizonyooka, na sijasikia mtu akilalamika kuwa halina mahaba.

"Imekaa kama muhuri"

Inasomeka, imeshikana, lakini haina uhai. Hesabu a zako. "Wanawake" ina tatu, "tafadhali" tatu, "tunawakaribisha" nne. Zikifanana zote kama zimegongwa, jicho linajua si mkono wa mtu. Ile "Use Contextual Alternates" ya mwanzo mara nyingi ndiyo inayobadilisha maumbo zamu kwa zamu. Fonti ikiwa na a moja tu, hakuna dawa, na kubonyeza B ili inenepe si dawa hata kidogo. Kama fonti haina unene wake halisi, programu huipaka tu pembeni, matundu ya a na e yanaziba.

"Kwenye kioo safi, kwenye kitu imeharibika"

Mistari myembamba. Pale kalamu inapopanda mwandiko huwa mwembamba kama uzi, na ndipo pa kwanza kufa. Maandishi meupe juu ya rangi nzito humezwa na wino. Stika iliyokaa juani na kwenye hewa ya chumvi huanza kubanduka kwenye vile vinywele. Kudarizi ndiko kugumu zaidi: mstari chini ya milimita 1 hauvumilii mshono wa kujaza, unabaki kama uzi uliosahaulika. Chagua fonti ya brashi badala ya ya kalamu. Brush Script, aliyoichora Robert E. Smith mwaka 1942, imechoshwa na watu, lakini unene wake unavumilia. Au ongeza mzingo mwembamba wa rangi ile ile kabla ya kuchomelea, kidogo kidogo, ukiyatazama matundu ya a.

Siku hizi, kabla sijamwonyesha mteja fonti mpya, naandika mstari mmoja: *Bwana mzee mnunuzi wa ng'ambo, karamu juu, saa 10:17, 1,750/=*. Ikipita hapo, naichapa kwenye karatasi ya kawaida, naipeleka kibanda cha pili, kwa bibi anayekaanga viazi karai. Hana hamu na fonti. Anafuta mkono kwenye leso, anainyoshea karatasi mbali, anasoma anachokiona.